Chini ya Jina la Hanifa

Wako waliosoma kisa changu juma lililopita wakasema, "Twaiba sasa amekoma." Jamani, mngalinijua msingalisema hivyo.

Kwa aliyechelewa, habari ni hii. Mume wangu Jaafar, muuza mawe ya kujengea pale Kombani, alinioa mimi, tukapata binti yetu Mishi, kisha akaniletea mwenza. Hanifa. Fundi wa hina na wa singo ya kuwasugulia maharusi kule Ukunda, mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kumbembelezea mtoto alale. Juma lililopita niliwaeleza nilivyolimwaga karai lake la hina, hina iliyokwisha kuroweshwa kwa ajili ya bibi harusi wa Gazi, nikamsingizia paka.

Paka hakuaminika. Jaafar alinisimamisha mbele ya ami yake akaapa. "Twaiba, ukiharibu tena kitu cha Hanifa kwa makusudi, siku hiyohiyo umeachika."

Mliofuatana nami tangu mwanzo mnakumbuka kwamba alikwisha kuniacha mara mbili, na mara mbili akanirejea. Hii ingekuwa ya tatu, na ya tatu haina marejeo.

Ami alisikia. Malaika walisikia. Mimi nikainamisha kichwa kama mtu aliyetubu, na moyoni nikasema, huyu mwanamke ananidai nini?

Sasa sikilizeni yaliyonifika.

Jaafar ana ugonjwa mmoja, nao ni uadilifu. Akininunulia mimi samaki, Hanifa naye atapata samaki wa kimo kilekile. Leso zetu ni za rangi moja na jina moja, tukikutana harusini watu huziba midomo na kucheka. Hata akinisifu pilau, najua kesho atakwenda kumsifu mwenzangu kitu, asije akaulizwa siku ya Kiyama.

Mimi hupikia watu wa harusi. Siku hizi mwenye harusi hamuulizi jirani yake ni nani apikaye vizuri, huchungulia mtandaoni kwanza. Kwa hiyo nilimwambia Jaafar nataka tovuti yangu, yenye picha za sufuria zangu na namba yangu ya simu.

"Vyema sana," akasema. "Basi na Hanifa apate yake."

Nilijua! Ningeomba kaburi angetuchimbia mawili.

Alimpa kazi hiyo Enos, mtu wa bara mwenye duka la kompyuta pale Ukunda. Tovuti zikatengenezwa, nami nikafurahi na yangu mpaka msimu wa harusi ulipoanza. Hapo ikaanza kuzubaa. Mteja anafungua, inazunguka, inazunguka, anachoka anakwenda zake. Na kila nikiuliza, nasikia Hanifa siku hiyo amepata wateja wengi ajabu.

Nikafunga safari ya Ukunda.

"Madam, tovuti ni kama nyumba," Enos akaniambia. "Lazima ikae kwa ploti. Hiyo ploti ndiyo tunaita hosting. Kuna kampuni ziko na makompyuta makubwa, hayazimwi usiku wala mchana. Unawalipa, wanakuwekea nyumba yako hapo."

"Na yangu imewekwa kiwanja gani?"

Akajikuna ndevu. "Hapo sasa. Mzee alisema anataka kitu ya bei ya chini. So nilichukua ploti moja, nikaweka zote mbili."

"Zote mbili zipi?"

"Yako na ya Madam Hanifa."

Nilimwambia anionyeshe. Akafungua kompyuta, na jina la kwanza kuliona juu kabisa, kubwa, lilikuwa la Hanifa. Hanifa Hina na Singo. Nikatafuta langu, nisilione. Enos akaingia ndani ya faili la Hanifa, akapita picha za hina, akapita bei za singo na udi, na huko chini, kama mtoto wa kufikia, kuna kifaili kidogo kimeandikwa Twaiba.

"Mbona mimi nimo ndani yake?"

"Si ati uko ndani yake, madam. Hosting inaandikishwa kwa jina moja. Ile ingine inaongezewa tu. Mzee alinitumia jina la Hanifa kwanza."

"Mimi ndiye niliyeolewa kwanza!"

"Kompyuta haijui mambo ya ndoa, madam."

Mwanamume, jueni, haachi kukuonyesha ulipo. Hata akiwa na haki ya mizani, kuna siku mkono utateleza, atume jina moja mbele ya jingine, nawe ujue.

"Basi tuko wawili tu hapo?" nikauliza.

"Zii. Hii ni ya kushare. Kompyuta moja mko mamia. Ni kama zile nyumba za vyumba vingi, choo moja uani. Jirani akipata wageni wengi, maji inaisha kwa wote."

"Mimi mwenza mmoja tu amenishinda, Enos, nawe umekwenda kunitia na mamia!"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia nataka kiwanja changu mwenyewe, leo hiihii.

Simlaumu Enos. Alinivutia kiti akanieleza kiungwana mambo ya kutazama mtu anapochagua. Nisiangalie bei peke yake. Niulize kama kampuni inaweka nakala ya kila kitu, ili kikipotea kirudishwe. Niulize kama ukiwapigia simu kuna mtu wa kuipokea. Niulize kama kiwanja kitahimili wateja wakija kwa pamoja.

"Na hawa wa sasa wanaweka nakala?" nikauliza.

"Hawa? Hakuna. Ndiyo maana ni bei ya chini. Kitu ikifutika, imeenda."

Neno hilo nililisikia vizuri. Sitawaambia kwamba nilikuja kulisahau.

Alinipa viwanja vitatu nichague. Cha kwanza kilikuwa kidogo, kwa kampuni ileile ya sasa. Cha pili cha wastani, kina nakala kila siku na watu wanaopokea simu. Cha tatu kilikuwa kompyuta nzima peke yako, hapana jirani.

"Chukua ya kati," Enos akasema. "Itakutosha na kubaki."

"Hanifa naye akitaka kuhama kesho, utampa ipi?"

"Hiyohiyo ya kati."

"Basi mimi nipe ile kubwa."

Alinitazama. "Madam, hiyo ni ya watu wa benki. Wewe uko na picha za pilau na kachumbari."

"Nipe."

Akanihamisha. Nikaifungua tovuti yangu kwa simu, ikafunguka kabla sijaondoa kidole. Ukumbi mzima wangu, na ndani yake sufuria zangu mbili tatu. Nilijisikia bibi mkubwa kwa mara ya kwanza tangu nipewe jina hilo.

Ningeondoka hapo, hadithi hii ingekuwa nyingine.

"Imebaki tu kutoa faili yako kwa ile ya zamani," Enos akasema. Mara akaitwa nje na mtu aliyeleta printa mbovu. Akatoka barazani. Kompyuta akaiacha wazi mbele yangu, na tovuti ya Hanifa inanitazama.

Nikasema nichungulie kidogo tu.

Hanifa haweki sura za maharusi, wenyewe hawataki. Huweka mikono na miguu tu. Hiyo ni adabu, namsifu. Lakini picha ya kwanza, ile ya kumkaribisha mteja, ilikuwa mkono wenye hina mbichi, umelala ndani ya kiganja cha mwanamume. Na yule mwanamume ukucha wa dole gumba umepasuka katikati.

Ule ukucha naujua. Uliangukiwa na jiwe mwaka ambao Mishi alianza kusimama dede. Mimi ndiye niliyeuosha kwa maji ya moto na chumvi, nikimshika Jaafar mkono huku anauma kona ya mto kwa uchungu. Kidole nilichokiuguza mimi kimekwenda kupamba mlango wa Hanifa!

Na harusi yangu mimi? Hina nilitiwa na shangazi kwa kijiti cha kibiriti. Hapana aliyepiga picha. Hapana aliyenishika mkono akautazama hivyo.

Nilikuwa na wivu, wala siuiti kwa jina jingine.

Pale pembeni paliandikwa: funga akaunti. Nikapabonyeza. Yakatokea maandishi mekundu ya Kiingereza, kwamba kufunga akaunti kutaondoa tovuti zote zilizomo wala hazitarejeshwa. Mimi nimefika kidato cha nne. Kiingereza kile hakikunishinda.

Nikabonyeza tena. Sasa kikaomba namba za siri, zilizotumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Na mwenye akaunti ni nani? Hata kumharibia ilibidi nimwombe ruhusa!

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikapiga simu.

"Assalaam alaykum, dada," sauti yake ile.

"Wa alaykum salaam, mwenzangu. Umeletewa namba hapo?"

"Naam, zimeingia sasa hivi. Ni za nini?"

"Ni za kuhama. Natoka kiwanjani kwako."

Nilisikia kijiko kikigonga bakuli. "Unahama, dada?"

"Nahama."

"Haya. Andika." Akanisomea polepole, moja baada ya moja. Akazirudia tena, nisije nikakosea.

Nikazitia. Ule mkono, kile kiganja, ule ukucha, vyote vikaondoka. Pakabaki peupe.

Enos alirudi, akatazama, akashika kichwa. "Madam! Umefanya nini? Zimeenda zote!"

"Zote zipi?" nikasema, na uso wangu ukashangaa vizuri kabisa. "Si ilikuwa yangu tu?"

"Ya Hanifa pia! Na hakuna nakala!"

"Maskini," nikasema. "Mimi mambo haya siyajui."

Nikarudi kwangu Msambweni. Nikakata vitunguu. Nikajisemesha njia nzima na jikoni pia. Kwamba mkono uliteleza. Kwamba Kiingereza kile kina mafumbo. Lakini kiapo cha Jaafar kilisema kwa makusudi, na makusudi hayako mkononi wala hayako kwenye kompyuta. Kama nilijua, mimi ni mwanamke aliyeachika nimeketi jikoni kwa mwanamume asiye wangu. Kama sikujua, ni mke wa Jaafar. Na wa kulijibu hilo alikuwa mmoja tu duniani, naye alikuwa analia kwa vitunguu.

Siku hiyo zamu ya Hanifa ilikuwa inakwisha. Jioni ilikuwa yangu. Lakini Jaafar hakungoja jioni. Alikuja kabla ya alasiri, macho mekundu, na nyuma yake Hanifa ndani ya buibui.

Hakuketi. "Mama Mishi, Enos amenipigia simu."

"Baba Mishi, bahati mbaya..."

"Ngoja." Akanyanyua mkono, na ukucha ule nikauona. "Nakuuliza neno moja mbele ya Mwenyezi Mungu. Ulipobonyeza, ulijua kwamba ya Hanifa nayo itaondoka?"

Wenzangu, nimesema uongo mwingi maishani mwangu. Nimemsingizia paka. Lakini wa siku hiyo ulinikwama. Nikikubali, nimeachika papo hapo, na Mishi atalala bila baba. Nikikataa, kila usiku atakaolala kwangu kuanzia leo ni zinaa, na mimi pekee ndiye nitakayejua. Nikafungua kinywa bila kujua litatoka lipi.

"Mimi ndiye niliyeifunga," Hanifa akasema.

Jaafar akageuka. "Wewe?"

"Namba zilikuja kwangu, nami ndiye niliyezitoa. Ujumbe ulisema wazi kwamba ni za kufunga. Kitu ni changu, nimekiharibu mwenyewe. Kiapo chako hakikunitaja mimi."

"Kwa nini, Hanifa? Kazi yako yote ile?"

"Nilichoka nayo. Nataka nianze upya. Nikaona haya kukwambia ulivyokuwa umeghadhibika."

Jaafar alikaa chini kama mtu aliyetuliwa gunia. "Alhamdulillahi," akasema. Hakumkaripia, hakuuliza zaidi. Alhamdulillahi, mara tatu, akichezesha kofia yake mikononi. Adhana ya alasiri ikalia, akatoka kwenda msikitini amenyooka mgongo.

Nilifunga mlango, nikaweka komeo.

"Kwa nini umefanya hivyo?" nikamuuliza.

Hanifa alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Nilichosema si uongo, dada. Ni nusu. Ule ujumbe haukuja na namba tupu. Uliandikwa kwamba hizi ni namba za kufunga kila kitu, usimpe mtu yeyote."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanisomea!"

"Mara mbili." Sauti ileile ya kubembeleza mtoto. "Nilitaka uachike. Nikasema kazi yangu na iende, mradi uende nayo. Mikono ya maharusi haiishi, nitapiga picha nyingine."

Nilitafuta kiti.

"Ulidhani wivu umeumbiwa peke yako?" akaendelea. "Wewe una Mishi. Una miaka yote ile. Akila kwangu husema, mama Mishi hutia iliki. Akiumwa mgongo husema, mama Mishi hunikanda hivi. Ile picha ya mkono niliiweka mbele ili angalau kuwe na mahali pamoja ambapo wa kwanza ni mimi."

"Basi mbona umenitetea?"

Alivaa miwani yake, akaivua tena.

"Enos alipopiga simu, Jaafar alikuwa anakula kwangu. Akasukuma sahani, akalia. Nikadhani analia kwa ajili yangu, kwa ajili ya kazi yangu. Nikamwambia nyamaza, Jaafar, nitaanza upya. Akaniambia, 'Hanifa, mimi namlilia Twaiba. Kama alijua, nimempoteza, na sijui nitaishi vipi.' Nyumbani kwangu, dada. Zamu yangu. Wali wangu mbele yake haujapoa."

Nitawaambia ukweli, mnilaani mkipenda. La kwanza nililolihisi lilikuwa furaha. Alinililia! Nilitaka nimwambie arudie, aniambie alilia vipi, machozi yalianzia jicho gani.

"Nikaona kwamba nikikuacha uachike," Hanifa akasema, "utahamia kwangu moja kwa moja. Kila sahani nitakayompa atakukumbuka wewe. Mwenza aliye hai katika nyumba yake nitapambana naye. Aliyeondoka simwezi."

Akasimama, akajifunga buibui. Nikamshika mkono. Ulikuwa na harufu ya hina na karafuu.

"Hanifa. Yeye anajua mimi ni mkewe."

"Naam."

"Na ami yake atajua hivyo."

"Atajua, nimekwisha kusema mimi."

"Basi yamekwisha?"

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza sikuuona ule upole. Niliona mtu aliyechoka kama mimi. "Mimi nilijua nilipokuwa nasoma zile namba. Mimi siye niliyeapiwa. Wewe ulijua au hukujua, hilo silitaki, nisiambiwe. Kaa nalo mwenyewe. Leo zamu ni yako."

Akapitia mlango wa uani akaenda zake.

Nilikuwa nimehama kwa Hanifa asubuhi, nikachukua kiwanja cha watu wa benki nisije nikawa chini ya jina lake tena. Kabla jua halijazama, ndoa yangu yenyewe ilikuwa imesimama juu ya neno la Hanifa, na haina nakala.

Nikasikia viatu barazani.

"Hodi," Jaafar akasema. "Mama Mishi, nifungulie."

Kinywani mwangu yalikuwapo maneno mawili. Moja lilikuwa "karibu". Jingine lilikuwa "mimi si mkeo". Nikaweka mkono juu ya komeo, na neno lisitoke hata moja.

"Hodi," akasema tena, na sauti yake ilikuwa inatabasamu.

Jaafar ni mtu wa dini. Hata kwake mwenyewe, akibisha mara tatu asijibiwe, hugeuka akaenda zake. Na Hanifa alikuwa hajafika hata barabarani; akigeuka sasa, atamkuta.